Zamu ni ya Kupokezana

Katika Kiswahili, zamu ni nafasi ya mtu katika jambo linalofanywa kwa kupokezana: leo yangu, kesho yako. Kwa hivyo kazi inayomwangukia mtu yule yule kila mara haistahili kuitwa zamu, hata ikiandikwa hivyo ubaoni.

Nayasema haya kwa ajili ya wauguzi wetu. Wadi haifungwi siku ya Krismasi wala ya Idi. Sharti pawepo wa kukesha na wagonjwa. Lakini wapo wauguzi wanaolalamika kwamba kila sikukuu huwakuta kazini, ilhali walio karibu na msimamizi wamekwenda mashambani kwa jamaa zao. Wengine, hasa vibarua wanaolipwa kwa zamu, huambiwa wasije wakiwa wameshapanda matatu na kumwachia yaya mtoto. Nauli imekwenda, ujira haupo.

Sheria ya Ajira ya 2007 inamhakikishia mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka. Haisemi ni nani atakayekesha usiku wa Krismasi. Hapo tumeachiwa insafu yetu.

Basi ratiba na ibandikwe mapema, na aliyekesha sikukuu ya mwaka jana apumzike mwaka huu. Mwislamu amshikie Mkristo zamu ya Krismasi, naye ashikiwe ya Idi. Na anayefutiwa zamu akiwa njiani, alipwe.