Soseji za Afrika Kusini Zilipokwama Mipakani

Wageni wengi wanaofika Afrika Kusini huisifu boerewors, soseji ndefu ya kuchoma. Sheria ya huko inataka iwe na nyama isiyopungua asilimia 90. Maini na matumbo ni marufuku.

Lakini mfanyakazi wa mshahara mdogo hutegemea zaidi poloni, soseji nene ya bei nafuu iliyokwisha kupikwa kiwandani, ambayo huikata vipande na kula kwa mkate. Hiyo ndiyo iliyoleta msiba. Katika mwaka 2017 na 2018 watu zaidi ya 1,000 waliugua listeriosisi, na zaidi ya 200 walikufa, wakiwamo watoto wachanga wengi. Tarehe 4 Machi 2018 serikali ilitangaza kuwa vijidudu vilitoka katika kiwanda kimoja mjini Polokwane. Mara moja Zambia, Namibia na Msumbiji zilizuia bidhaa hizo mipakani.

Ndugu wafanyakazi, usafi wa kiwanda si jambo la mwajiri peke yake. Anayeosha mashine ndiye wa kwanza kuuona uchafu. Akisema, asikilizwe, chakula hicho huishia mezani kwa wenzake.