Mzazi asiyeambiwa si mzazi asiyejali

Shule za Marekani zinapofunguliwa Januari baada ya likizo ya Krismasi na mwaka mpya, mwaka wa masomo unakuwa umefika nusu. Ulianza Agosti au mwanzoni mwa Septemba, utafungwa Mei au Juni, na katika wilaya nyingi muhula wa kwanza humalizika Januari hiyohiyo. Ndipo habari zinapomiminika. Alama za muhula hutoka. Watoto wanaojifunza Kiingereza huanza kuandaliwa kwa mtihani wa lugha ambao majimbo mengi huufanya kati ya Januari na Machi. Wa sekondari huchagua masomo ya mwaka ujao, wa darasa la 12 huhimizwa kukamilisha fomu za msaada wa serikali kwa karo ya chuo, na theluji nayo huvuruga ratiba za mabasi. Mzazi anayepitwa na habari hizi huonekana kwa walimu kama mtu asiyefuatilia masomo ya mwanawe. Nadhani hukumu hiyo, mara nyingi, ni ya kimakosa. Kinachoitwa uzembe wa wazazi, kwa sehemu kubwa, ni ukosefu wa habari, na wiki za kwanza baada ya likizo ndizo wiki ambazo shule inaweza kuuondoa upungufu huo wakati bado kuna la kufanya.

Jambo hili linawagusa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Katika mwaka wa fedha wa 2023 Marekani ilipokea wakimbizi wapatao 60,000, na zaidi ya 18,000 kati yao walitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wengi wakiwa watu wa Kivu wanaozungumza Kiswahili. Wametapakaa Kentucky, Texas, Iowa, Ohio, Arizona na kwingineko. Mjini Louisville, Kentucky, Kiswahili kimekuwa miongoni mwa lugha kubwa za nyumbani katika shule za umma. Wengi walikaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, Tanzania, au katika makambi ya Uganda na Burundi. Nyarugusu shule zilifuata mtaala wa Kongo na walimu walikuwa wakimbizi wenzao, majirani wa kuonana nao kisimani na kanisani. Habari ya mtoto kutoroka darasani ilifika nyumbani kwa mdomo kabla jua halijatua. Mzazi aliyelelewa katika utaratibu huo hana sababu ya kudhani kwamba shule ikikaa kimya mambo yameharibika. Ukimya kwake ulikuwa na maana kwamba hakuna tatizo. Sasa anaishi kwenye nyumba ya kupanga, anafanya zamu ya usiku kwenye ghala au kiwanda cha nyama, na shule ya mwanawe inaamini imeshamwarifu kwa sababu imeandika taarifa kwa Kiingereza kwenye akaunti ya mtandaoni ambayo neno lake la siri analo mtoto.

Ushahidi kwamba tatizo ni habari haukosekani. Huko Philadelphia, watafiti Todd Rogers na Avi Feller walifanya jaribio katika familia zaidi ya 28,000 za watoto waliokuwa wakikosa shule mara kwa mara, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Waligundua kwanza kwamba wazazi wenyewe hawakujua. Walipoulizwa mtoto amekosa siku ngapi, walitaja karibu nusu ya idadi halisi. Baadhi ya familia zikatumiwa barua za kawaida za posta, chache tu kwa mwaka mzima, zikieleza idadi ya siku ambazo mtoto huyo amekosa. Utoro wa kupindukia ukapungua kwa asilimia 10 au zaidi. Barua nyingine ziliongeza ulinganisho na wanafunzi wenzake, na ulinganisho huo haukuongeza kitu. Hapa pana la kufikiria kwa yeyote anayeamini kwamba mzazi hasogei mpaka aaibishwe: barua iliyompa idadi peke yake ilifanya kazi sawasawa na ile iliyomwonyesha kwamba mwanawe yuko nyuma ya wengine.

Kwa nini basi nasisitiza Januari, na si Septemba au Mei? Hesabu ni nyepesi. Mwaka wa masomo wa Marekani una takriban siku 180, na mtoto anayekosa asilimia 10 ya siku hizo, yaani siku 18, huhesabiwa kuwa mtoro wa kupindukia hata kama kila siku ilikuwa na ruhusa ya daktari. Aliyekosa siku tisa mpaka likizo yuko njiani kufika huko, lakini bado hajafika. Mama yake akiambiwa Januari, ana miezi mitano ya kubadili mambo: kumwomba jirani amsindikize mtoto kituoni, kuhamisha miadi ya kliniki hadi alasiri, kuacha kumbakiza mkubwa nyumbani amlee mdogo anayeumwa. Akiambiwa Juni, anasomewa hukumu. Na si mahudhurio tu. Katika jimbo la West Virginia, Peter Bergman na Eric Chan walijaribu katika shule 22 kuwatumia wazazi ujumbe mfupi wa simu kuhusu kazi ambazo mtoto hajawasilisha, vipindi alivyokosa na alama zilizoporomoka. Masomo yaliyofeliwa yalipungua kwa zaidi ya robo. Alama za mitihani ya jimbo hazikupanda, na ni haki kulisema hilo; ujumbe wa simu haufundishi hesabu. Unachofanya ni kumrudisha mtoto darasani na kumfanya akamilishe kazi, na mtoto aliyefeli kwa kutokuwasilisha kazi hakuwa na shida ya uelewa tangu mwanzo.

Lakini si kila taarifa ni habari. Shule nyingi hufungua Januari kwa jarida refu: salamu za mwaka mpya za mwalimu mkuu, kalenda, picha za tamasha la Desemba, tangazo la kuuza keki. Sina ugomvi na jarida hilo, ila halimwambii mzazi chochote juu ya mwanawe. Habari inayobadili kitu humhusu mtoto mmoja, ina idadi ndani yake, na inaonyesha hatua inayofuata. Tuchukue mfano wa kubuni wa simu inayopigwa jioni, kwa Kiswahili: “Habari za jioni, mama Furaha. Napiga kutoka shuleni kwa Furaha. Tangu Agosti amekosa siku nane. Darasani anaelewana na wenzake vizuri, lakini hajaleta kazi mbili za hesabu, na mwalimu atazipokea mpaka Ijumaa. Tena mwezi ujao atafanya mtihani wa Kiingereza wa kusikiliza, kusema, kusoma na kuandika. Tunaomba asikose siku hizo. Kuna jambo lolote asubuhi linalowatatiza nyumbani?” Ni dakika mbili. Swali la mwisho ndilo ambalo jarida haliwezi kuliuliza, na jibu lake, mara nyingi kuhusu zamu za kazi au kiatu cha theluji ambacho hakipo, ndilo ambalo mwalimu hakuwa nalo.

Theluji yenyewe inatosha kuonyesha gharama ya kutofikisha habari. Saa kumi na moja alfajiri shule inaamua kuchelewesha masomo kwa muda wa saa mbili, na simu za wazazi wote zinapokea ujumbe uleule wa Kiingereza uliorekodiwa. Anayeuelewa anarudi kulala. Asiyeuelewa anamvalisha mtoto kama kawaida na kumpeleka kituoni gizani, kwenye baridi iliyo chini ya sifuri, asubiri basi ambalo halitapita kwa saa mbili nzima. Hilo likitokea mara mbili, mzazi mwenye busara hujiamulia kwamba siku ya theluji ni ya kukaa nyumbani, na siku hizo zinaingia kwenye hesabu ya utoro.

Wapo watakaosema mtoto mwenyewe atatafsiri. Mbona Kiingereza anakijua? Anakijua, na ndiyo maana asipewe kazi hiyo. Mtoto mwenye alama mbaya akifanywa mkalimani wa alama zake mwenyewe, tunampa jaribu ambalo hata mtu mzima lingemshinda, na tunamgeuza baba kuwa mtu wa kuuliza ruhusa kwa mwanawe. Mwongozo ambao serikali kuu ya Marekani iliutoa Januari 2015 ulizitaka shule zisiwategemee wanafunzi, ndugu zao wala marafiki kutafsiri. Wengine hutegemea tafsiri ya mashine. Nakubali kwamba inafaa kwa tangazo la theluji, na ni afadhali hiyo kuliko Kiingereza kitupu. Haitoshi kwa mazungumzo ya alama, nidhamu au huduma za mtoto mwenye ulemavu, ambako neno moja lililokaa vibaya linaweza kumfanya mzazi asaini asichokikubali. Tena kuna wazazi, hasa akina mama waliokulia vitani, ambao hawakupata kusoma. Kwao maandishi ya Kiswahili sanifu na ya Kiingereza yako mbali kwa kiasi kilekile. Sauti ndiyo inayofika, na kwa hakika ujumbe wa sauti kwenye simu ndio chombo ambacho familia hizi tayari hukitumia kila siku kuzungumza na ndugu walioko Uvira na Kigoma.

Pingamizi zito zaidi ni la wale wanaosema mgeni ajifunze lugha ya nchi. Tangu Machi 2025 wana hoja ya kuongeza, kwa kuwa Rais Donald Trump alitia saini amri ya kukifanya Kiingereza lugha rasmi na kufuta amri ya mwaka 2000 iliyozitaka taasisi za serikali kuwahudumia wasiojua Kiingereza vizuri. Kujifunza lugha ni jambo jema na wazazi wengi wanalifanya, wakitoka zamuni moja kwa moja hadi darasa la watu wazima. Ila lugha huchukua miaka, na mtoto wa darasa la tatu ana Januari moja tu ya darasa la tatu. Kisheria pia, amri ya rais haifuti sheria ya Bunge. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 bado inakataza ubaguzi wa asili ya taifa katika taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu, na kwa kuitegemea sheria hiyo Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1974, katika kesi ya wanafunzi wa asili ya Kichina wa San Francisco, kwamba kuwapa watoto wasiojua Kiingereza vitabu na walimu walewale si kuwatendea sawa.

Walimu nao wana lalamiko la haki: wamechoka, na wazazi nao wamechoshwa na ujumbe usiokwisha. Sipendekezi ujumbe zaidi. Napendekeza uchache wenye mpangilio: taarifa za jumla zipungue, na nafasi hiyo ipewe simu moja kwa kila familia iliyo hatarini, katika wiki mbili za kwanza za Januari, ikipigwa na mkalimani wa shule kutoka kwenye orodha ambayo kompyuta ya mahudhurio inaweza kuitoa asubuhi moja. Wapo wanaohofu kwamba kijana wa miaka 16 atajiona anapelelezwa. Hofu hiyo ina msingi pale ujumbe unapotumwa kila siku kwa kila dosari; simu moja katikati ya mwaka, ambayo kijana mwenyewe ameambiwa mapema kwamba itapigwa, haimvunjii heshima.

Inabaki gharama. Jaribio la Philadelphia liligharimu takriban dola 6 kwa kila siku ya shule iliyookolewa. Simu ya mkalimani itazidi hapo, sina shaka. Lakini Texas na Kentucky, majimbo mawili yenye familia nyingi za Kikongo, hugawa fedha za shule kwa kuangalia wastani wa wanafunzi wanaohudhuria kila siku, si walioandikishwa tu. Kiti kitupu huko kinapunguza bajeti. Mkurugenzi wa wilaya anayesema hana fedha za kumlipa mkalimani wa Kiswahili aanze kwa kuhesabu viti vilivyokuwa vitupu kati ya Agosti na Desemba, atafute ni vingapi ni vya watoto ambao nyumbani kwao hakuna aliyeelezwa, kisha aweke mshahara wa mkalimani kando ya hesabu hiyo.