Kompyuta Kuwa Mwamuzi wa Mchezo wa Njiti

Weka njiti 21 za kibiriti mezani. Wachezaji wawili huchukua kwa zamu, kila mmoja njiti 1, 2 au 3. Achukuaye ya mwisho ndiye mshindi. Mchezo huu ni wa jamii ya Nim, ambayo Charles Bouton wa Chuo Kikuu cha Harvard aliifafanua kihisabati mwaka 1901. Mwaka 1951 kampuni ya Ferranti ilionyesha mjini London mashine iliyoitwa Nimrod, ambayo ilicheza Nim na watazamaji na kuonyesha hesabu yake kwa taa.

Mwanafunzi aweza kuutunga mchezo wetu katika kompyuta yoyote, bila picha, kwa maandishi matupu:

Zimebaki njiti 21.
Mchezaji 1, unachukua ngapi?

Kompyuta inahitaji kukumbuka namba mbili tu: njiti zilizobaki na namba ya mwenye zamu. Kubadili zamu ni rahisi ajabu: 3 toa 1 ni 2, 3 toa 2 ni 1.

Ugumu umo katika uamuzi. Tuseme zimebaki njiti 2, na mchezaji akaandika 3. Mezani hawezi kuchukua kisichokuwapo. Kompyuta itatoa bila kusita na kupata 1 chini ya sifuri. Ikiwa imeagizwa kusimama njiti zinapokuwa sifuri kamili, huenda isisimame kamwe. Kwa hiyo kila jibu lipimwe kwanza. Je, ni namba kamili? Ni kati ya 1 na 3? Haizidi njiti zilizobaki? Likikosea, aulizwe tena mchezaji yule yule, asije akapokonywa zamu kwa kuteleza kidole.

Kosa jingine ni la kuchekesha, ila si kwa aliyeshinda. Programu ikibadili zamu kabla ya kutazama kama njiti zimekwisha, itampongeza aliyeshindwa! Toa njiti, tazama kama zimekwisha, ndipo ubadili zamu.

Anayeanza akijua siri hashindwi: huchukua 1, zikabaki 20. Kisha mwenzake akichukua 1, yeye huchukua 3. Akichukua 2, naye 2. Akichukua 3, naye 1. Hivyo humwachia 16, 12, 8, 4, na mwishowe sifuri.

Sasa geuza sharti: achukuaye njiti ya mwisho ashindwe. Kwa njiti 21 zile zile, je, ungependa kuanza?