Mwandishi Aliyeishi na Wasomaji Wake



Wengi hudhani mtunzi wa vitabu vya watoto hujifungia chumbani na kalamu yake tu. Tumtazame Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) wa Mombasa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alisomesha, akaanzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kazi zote hizo ni za kukaa na watu: huyu ana swali, yule ana shauri.

Mtoto akisomeshwa dini kwa lugha asiyoifahamu, huhifadhi maneno na maana ikampita. Sheikh aliwaandikia wanafunzi Masomo ya Dini kwa Kiswahili, lugha wanayozungumza nyumbani.

Basi nasi tuna sehemu yetu. Tusipofahamu jambo kitabuni, tumuulize ustadhi wala tusione haya. Mwandishi hujua la kuandika kwa kusikia wasomaji wanakwama wapi. Nanyi wazazi, someni pamoja na watoto wenu.

Allah atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.