Jina la Mjusi Apandwaye

Katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 yuko mnyama wa kubuniwa aitwaye dewback, mtambaazi mkubwa afananaye na kenge, ambaye askari humtandika na kumpanda jangwani. Jina hilo limeungwa kwa maneno mawili, umande na mgongo. Kwa kuwa katika lugha yetu neno kuu hutangulia, yafaa tumwite mgongo-umande; na hapo lazuka swali la upatanisho. Je, tuseme "mgongo-umande huu umefungwa hatamu", au "huyu amefungwa"? Jibu limo katika kifaru na kiboko: umbo ni la ki-, lakini twasema "kifaru huyu amelala", wala hatusemi "hiki kimelala". Uhai hushinda umbo. Basi wingi wake ni "migongo-umande hawa", ingawa sikio litashtuka kwanza.

Wako watakaopendelea kenge, neno fupi na la kale. Lakini kenge kwetu ni mwizi wa mayai, na jina lake ni tusi. Tandiko, hatamu na lijamu tunazo tangu zamani kwa ajili ya punda na farasi. Lililopungua ni jina la mpandwa tu.