Tofauti kati ya Shoti na Mzigo Uliozidi katika Saketi ya Umeme ya Nyumbani

Ikisiri

Makala haya yanafafanua tofauti kati ya hali mbili za hatari katika saketi ya umeme ya nyumbani, yaani shoti na mzigo uliozidi. Hoja kuu ni kwamba, ingawa hali zote mbili huongeza mkondo, zinatofautiana kwa chanzo, kwa kiasi na kwa muda, na hivyo kila moja huhitaji kinga yake. Kuziita kwa jina moja huficha chanzo cha moto na humwelekeza mtumiaji kwenye suluhisho lisilofaa.

1.0 Utangulizi

Katika mazungumzo ya kila siku, neno shoti limebeba maana zaidi ya moja. Mtu aliyeguswa na umeme husemwa kuwa amepigwa shoti. Waya mbili zikigusana, husemwa kuwa zimepiga shoti. Hata soketi iliyoyeyuka kwa kuchomekewa vifaa vingi huhesabiwa kuwa imeharibiwa na shoti. Tukio la kwanza linahusu mkondo kupita mwilini, na kinga yake ni kifaa kinachohisi uvujaji wa mkondo, ambacho majumbani kwa kawaida hukata umeme uvujaji usiozidi miliampia 30. Makala haya yanajikita katika matukio mawili yaliyosalia.

2.0 Msingi wa Kifizikia

Kwa mujibu wa kanuni aliyoichapisha Georg Simon Ohm mwaka 1827, mkondo hupatikana kwa kugawa volteji kwa ukinzani. Baadaye, James Prescott Joule alionesha kuwa joto linalozalishwa katika waya hulingana na mraba wa mkondo. Hivyo basi, mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huzalishwa kwa kasi mara nne. Plastiki ya PVC inayofunika waya nyingi za majumbani imekusudiwa kufanya kazi katika joto lisilozidi nyuzi 70 za Selsiasi. Kikomo cha mkondo wa waya hutokana na ukweli huo.

3.0 Hali Mbili kwa Mfano Mmoja

Tuchukulie saketi ya soketi yenye volteji 230 inayolindwa na breka ya ampia 20 ya aina C. Mtumiaji amewasha kwa pamoja jiko la umeme la wati 2,300, birika la wati 2,300, pasi ya wati 1,150 na mashine ya kukaushia nywele ya wati 1,150. Jumla ni wati 6,900, sawa na ampia 30. Huu ni mzigo uliozidi. Hakuna waya uliokatika wala kugusana na mwingine. Mkondo unafuata njia yake halali, ila ni mwingi kuliko uwezo wa saketi. Joto linazalishwa kwa kasi mara 2.25 ya ile ya ampia 20, nalo hupanda taratibu.

Shoti ni hali nyingine. Waya wa moto unapogusana na nyutro au ethi, mkondo hupata njia fupi isiyopita katika kifaa chochote. Ikiwa ukinzani wa njia hiyo yote ni omu 0.5, mkondo utakuwa ampia 460, yaani mara 23 ya kiwango cha breka. Kasi ya kuzalisha joto inakuwa mara 529. Hapa madhara hupimwa kwa sehemu za sekunde.

4.0 Namna Kinga Inavyofanya Kazi

Kwa kuwa hali hizi hutofautiana, breka ya kawaida ina sehemu mbili za kukatia umeme. Ya kwanza ni utepe wa metali mbili zinazotanuka kwa viwango tofauti. Utepe hupinda kadiri unavyopata joto, na hushughulikia mzigo uliozidi. Ya pili ni koili ya sumaku-umeme inayofyatua mara moja wakati wa shoti. Kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60898, breka ya aina hii haipaswi kukata ndani ya saa moja kwa mkondo wa mara 1.13 ya kiwango chake, lakini ni lazima ikate ndani ya muda huo kwa mara 1.45. Koili ya breka ya aina C hufyatua katika mkondo wa kati ya mara 5 na mara 10.

Mtumiaji aliyechoshwa na breka inayokatakata huweza kushauriwa aweke ya ampia 32. Katika mfano wetu, breka hiyo itaendelea kukata shoti, kwa sababu ampia 460 zinazidi ampia 320 ambazo ni mara 10 ya kiwango chake. Hata hivyo, ampia 30 hazitaikata kamwe. Badiliko hilo huonekana salama kwa sababu kinga ya shoti imebaki, ilhali kinga ya mzigo uliozidi imeondolewa na waya ni ule ule.

5.0 Uhusiano na Uchunguzi wa Moto

Hali hizi zinaweza pia kufuatana. Mzigo uliozidi kwa muda mrefu hukausha na kupasua plastiki ya waya, na hatimaye waya hugusana na kupiga shoti. Aidha, moto ulioanza kwa sababu nyingine huweza kuunguza plastiki hiyo na kusababisha shoti. Kwa hiyo, vipande vya shaba vilivyoyeyuka katika mabaki ya nyumba huthibitisha kuwa shoti ilitokea. Havithibitishi peke yake kwamba ndiyo iliyoanzisha moto.

6.0 Hitimisho

Breka inayokata papo hapo kila inapowashwa, hata vifaa vyote vikiwa vimechomolewa, huashiria shoti katika waya au kasoro ya breka yenyewe. Isilazimishwe kuwashwa tena kabla ya uchunguzi. Inayokata baada ya dakika kadhaa za matumizi huashiria mzigo uliozidi. Dawa yake ni kupunguza vifaa au kujenga saketi nyingine. Inapendekezwa kwamba neno shoti, katika taarifa za kitaalamu, litumike kwa mgusano wa waya pekee, na mzigo uliozidi utajwe kwa jina lake.