Usipime wema wa Mungu kwa mshahara

MATOKEO ya mtihani yakiwa mazuri, mzazi hupeleka shukrani kanisani, majirani wakaalikwa na kuku akachinjwa. Mtoto akianguka, nyumba hiyo hiyo huingia giza. Mama haonekani kwenye mkutano wa chama, baba huchelewa kurudi jioni, na Jumapili hawafiki ibadani. Wakiulizwa, husema wana shughuli nyingi. Ukweli ni kwamba wanamwonea Mungu haya.

Ndivyo ilivyo pia baba anapoachishwa kazi au biashara inapofilisika. Swali linalomkosesha mtu usingizi huwa moja: “Nimemkosea Mungu nini?” Na ikiwa kweli lipo kosa alilotenda, tuseme alikula pesa za chama, basi hukata tamaa kabisa akidhani mlango umefungwa.

Wahenga walinena kwamba Mungu si Athumani. Yeye si binadamu wa kukupenda leo ukiwa nacho na kukukana kesho ukikosa. Kulisema jambo hili ni rahisi, kuliishi ndiyo kazi. Mtu mmoja wa Afrika Mashariki aliyeliishi, kwa kuanguka na kuinuka, ni marehemu Askofu Festo Kivengere wa Uganda.

Mwalimu mlevi

Kivengere alizaliwa mwaka wa 1919 katika jamii ya wafugaji huko Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda. Alipata elimu ya misheni, akahitimu kuwa mwalimu. Kwa kijana wa siku zile, hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Hata hivyo, mafanikio hayakumsogeza karibu na Mungu. Aliiacha imani, akazama katika pombe.

Wakati huo uamsho wa kidini ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulikuwa umefika kwao. Uamsho huo ulienea hadi Kenya, na wazee wengi wangali wanawakumbuka “ndugu” waliosimama mbele ya watu wakatubu, wengine wakirudisha mali waliyoiba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 mwalimu huyo naye alitubu. Hakukaa kitako akafurahia msamaha peke yake. Alipanda baiskeli, akafunga safari ndefu hadi kwa Mwingereza mmoja ambaye alikuwa akimchukia, akamwomba radhi.

Hapo pana funzo kwetu. Mungu akikusamehe, deni la dukani bado lipo. Lakini aliyesamehewa hupata ujasiri wa kusimama mbele ya wenzake wa chama na kusema: “Nilikula pesa zenu. Nitalipa kidogo kidogo.” Anayeogopa hukumu hujificha, na deni likazidi kukua.

Askofu mwenye uchungu

Baadaye Kivengere alifundisha Dodoma, Tanganyika, kisha akawa mhubiri mashuhuri. Billy Graham wa Marekani alipozuru Afrika mwaka wa 1960, Kivengere alikuwa miongoni mwa wakalimani wake. Mwaka wa 1972 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Kigezi. Mtu angedhani mlevi wa jana sasa ameshafika, hana tena haja ya kuomba msamaha.

Februari 16, 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, pamoja na mawaziri wawili. Serikali ilidai walikufa katika ajali ya gari. Siku chache baadaye, Kivengere na mkewe, Mera, walitoroka. Walivuka milima kwa miguu hadi Rwanda.

Akiwa uhamishoni, moyo wake ulijaa chuki dhidi ya Amin. Ni nani angemlaumu? Lakini yeye mwenyewe alisimulia kwamba katika ibada ya Ijumaa Kuu jijini London, mwaka huo huo, alitambua kuwa hawezi kuupokea msamaha wa msalaba huku akimnyima mwenzake. Alitubu tena. Mwaka huo alichapisha kitabu ambacho jina lake liliwashangaza wengi: I Love Idi Amin, yaani Nampenda Idi Amin.

Kumsamehe hakukuwa kuyahalalisha mauaji. Kivengere aliendelea kuukemea udhalimu ule. Amin alipong’olewa Aprili 1979, askofu alirejea kwa waumini wake, akawatumikia hadi alipofariki jijini Nairobi mwezi wa Mei 1988.

Mpanda ngazi hushuka

Maisha ya Kivengere yanatuonyesha kwamba kijana mlevi na askofu mashuhuri walihitaji rehema ile ile. Sisi hudhani hatari iko kwenye kushindwa peke yake. Mfalme Daudi wa Biblia hakumchukua mke wa Uria akiwa na njaa porini. Alikuwa ameshiba, katika jumba lake la kifalme. Naye Yusufu alipotupwa gerezani bila kosa, Mungu hakumwacha. Kama tungepima kwa cheo na mali, tungesema Daudi alibarikiwa siku ile na Yusufu akalaaniwa. Tungekosea kote kuwili.

Waislamu nao wanafundishwa vivyo hivyo. Katika Sura Az-Zumar, aya ya 53, waliojidhulumu nafsi zao wanakatazwa kukata tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu.

Basi mzazi, ikiwa nyumbani kwako kuna mtoto aliyeanguka mtihani, asisikie kutoka kinywani mwako kwamba ni laana. Keti naye, mtazame kilichoharibika na kinachoweza kurekebishwa. Mume aliyepoteza kazi, usimfiche mkeo ukiondoka kila asubuhi na tai shingoni kana kwamba unaenda ofisini. Mwambie, mpange bajeti upya, muombe pamoja. Ikiwa kuna mtu uliyemkosea, mtafute kabla wiki haijaisha.

Nanyi ambao mambo yanawanyookea mwaka huu, shukuruni, ila msimcheke jirani aliyeteleza. Mpitieni jioni moja na pakiti ya unga na majani ya chai. Huenda amekuwa akingoja ishara ndogo kama hiyo ili aamini kwamba Mungu hajamsahau.